Ukurasa Uliokosekana Kisumu

Mpwa wangu alinipigia simu wiki iliyopita, na siku hiyo hata kuniamkia hakuniamkia. Alianza moja kwa moja: "Mjomba, mwalimu amenipiga kosa. Na jibu ni lako."

Nikajua mara moja ni jibu gani. Dadangu ameolewa Kisumu mwaka wa 15 huu sasa, nami nilikwenda kuwatembelea wakati wa likizo. Mtoto ana miaka 12, na maswali yake hayana mwisho. Siku moja tulikuwa tumekaa ufuoni Dunga tukitazama mitumbwi inarudi, akaniuliza: "Mjomba, dainosari walikuwako hapa kwetu?" Mimi, mtu mzima mwenye diploma, niliona aibu kusema sijui. Nikamwambia: "Naam, walikuwako. Si ndio ile mifupa ya Rusinga?" Yeye akaenda akaiandika kwenye kazi ya shule, kwa kalamu, na jina langu akalitia kama ushahidi.

Mwalimu yuko sawa, mimi ndiye niliyekosea. Makala haya basi ni deni ninalomlipa mtoto, na nimeona nililipe hadharani kwa sababu nilipoanza kuuliza kwa watu wazima wenzangu, niligundua kosa hili si langu peke yangu. Wengi wetu tukisikia "mfupa wa zamani" tunavitia vyote katika kapu moja: dainosari, sokwe wa kale, binadamu wa kwanza. Na kumbe kati ya hivyo kuna masafa ambayo akili haiyashiki kwa urahisi.

Ili tuyashike, nitatumia hesabu ya kitabu. Wanasayansi wanakadiria umri wa dunia kuwa miaka milioni 4,540. Tuchukulie kitabu cha kurasa 454, kila ukurasa miaka milioni 10, na kila ukurasa una mistari 25. Mstari mmoja basi ni miaka 400,000. Sasa tukifungue kitabu hicho tukiwa Kisumu.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Bondo, kiasi cha kilomita 30 hivi, unafika Seme, kwenye majabali ya Kit Mikayi. Kwa Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Ni mawe makubwa yaliyobebana kama magunia sokoni, na watu huenda pale kutalii na wengine kusali. Shemeji yangu alitupeleka. Mimi diploma yangu ni ya ujenzi, mawe nayajua kwa bei ya lori, basi nilipoyaona nilianza kupiga hesabu ya kokoto. Nimerudi kusoma nikaona haya. Majabali ya Nyanza ya aina ile yanakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka milioni 2,500. Kwenye kitabu chetu tuko ukurasa wa mia moja na tisini na kitu. Hata nusu ya kitabu hatujafika.

Wakati jiwe lile linaganda chini ya ardhi kutoka uji wa moto, dunia hii usingeitambua. Hewa haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Hapakuwa na jani, mdudu wala samaki. Uhai wote ulikuwa wa vijidudu visivyoonekana kwa jicho, ndani ya maji. Mwezi ulikuwa karibu zaidi nasi, na dunia ilizunguka kwa kasi zaidi, hivyo usiku na mchana wake pamoja havikutimia saa 24. Mabara yenyewe ndiyo kwanza yanashikana. Ndani ya majabali ya zama hizo, maji ya moto yalipita kwenye nyufa yakaacha dhahabu, ile ile iliyowavuta watu Kakamega miaka ya 1930 na inayochimbwa hadi leo Migori. Kwa hiyo mchimbaji wa Migori anapoingia shimoni na tochi kichwani, anatembea katika vipande vya dunia ya mwanzo.

Sasa funua kurasa. Ukurasa wa 200, wa 250, wa 300. Dainosari wanaanza kuonekana karibu na ukurasa wa 431, wanatawala, na wanamalizika ukurasa wa 448, miaka milioni 66 iliyopita. Kurasa 17 tu, lakini ni miaka zaidi ya milioni 160. Ukizitafuta kurasa hizo kando ya ziwa, huzipati. Zimenyofolewa. Upande wa Kisii kuna mawe mengine ya kale, lakini nayo yamewatangulia dainosari mbali sana. Baada ya hayo kitabu cha Nyanza kinaruka mpaka ukurasa wa 452, karibu na mwisho.

Kwa nini zimenyofolewa? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo mtu wa ujenzi alipaswa kulijua zamani. Mfupa hauwi jiwe kwa kuachwa juani. Mnyama akifia mlimani, fisi watamla na mvua itamaliza. Mfupa unataka kufunikwa haraka, kwa tope, mchanga au majivu, kisha ukae chini miaka mingi, madini yaingie taratibu mahali pa mfupa. Ardhi iliyo chini hupokea tope. Ardhi iliyo juu hutoa. Katika zama za dainosari, sehemu hii ya Afrika ilikuwa nchi iliyoinuka, inaliwa na mvua na mito, na udongo wake unapelekwa kwingine. Inawezekana kabisa dainosari walipita pale mtoto alipokuwa amekaa akila mahindi ya kuchoma. Ila hakuna aliyeandika. Na asiyeandikiwa hana ushahidi mahakamani.

Kisha kalamu ikarudi, tena kwa moto. Ardhi ya Nyanza ilianza kupasuka na kubonyea, na ile Ghuba ya Winam tunayovulia ngege imekaa ndani ya bonde hilo la ufa. Volkano zikasimama: Tinderet upande wa mashariki, Kisingiri karibu na Rusinga. Majivu yao yakafunika misitu, na majivu ni mwandishi hodari. Rusinga, kisiwa alichozikwa Tom Mboya, kimehifadhi mifupa, matunda, mbegu na hata wadudu wa miaka milioni 18 hivi iliyopita. Hapo ndipo Mary Leakey alipookota fuvu la sokwe wa kale mwezi Oktoba 1948, lile lililojulikana duniani kote kwa jina la Proconsul. Mwaka 2015 wataalamu waliwapa sokwe hao wa Rusinga jina jipya, Ekembo, neno la Kisuba.

Umri huo wameupataje? Fikiria ndoo chini ya bomba linalovuja. Ukijua bomba linatona matone mangapi kwa saa, ukiitazama ndoo utajua imekaa hapo muda gani, ilimradi ilianza ikiwa tupu. Ndani ya mawe ya volkano kuna aina ya potasiamu inayogeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa uji wa moto, gesi yote hutoroka: ndoo imemwagwa. Ukipoa, matone huanza kuhesabiwa upya na gesi haina pa kutokea. Wapimaji wakija leo, wanapima iliyojikusanya. Ndiyo maana nchi ya volkano, kama pande za ziwa, ina tarehe nzuri kuliko nyingine nyingi.

Basi hesabu kosa langu. Dainosari wa mwisho ni miaka milioni 66. Rusinga ni milioni 18. Nilikosea kwa miaka milioni 48. Mwalimu akinipa sifuri, bado atakuwa amenihurumia.

Lakini ukurasa wa 452 una mnyama ambaye nilimwomba mtoto amwandike badala yake. Karibu na Muhoroni kuna mahali panapoitwa Meswa Bridge. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yalichimbwa pale mataya na meno makubwa, yakapelekwa makumbusho ya Nairobi, yakawekwa kwenye droo. Yakakaa droo miaka zaidi ya 30. Mtafiti Matthew Borths alifungua droo hiyo akitafuta kitu kingine, akayaona. Mwaka 2019 yeye na Nancy Stevens walimtangaza mnyama mpya wa zaidi ya miaka milioni 22, mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote aliye hai, mwenye fuvu linalokaribia la kifaru. Wakampa jina la kisayansi: Simbakubwa kutokaafrika. Soma tena, ndugu msomaji. Hicho ni Kiswahili chetu, kimeunganishwa tu. Naye si simba hasa. Ni wa ukoo mwingine uliokwisha wote, usioacha mtoto wala mjukuu.

Ukurasa wa mwisho kabisa una habari zetu sisi. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, vimepatikana vifaa vya mawe vya miaka kama milioni 2.6 hadi 3, pamoja na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa. Utafiti ulitangazwa mwaka 2023. Mwaka 2025 wakaongeza kwamba baadhi ya mawe yale yaliletwa kutoka mbali, hadi kilomita 13. Maana yake kuna aliyeona jiwe zuri, akafikiria kazi ya kesho, akalibeba. Na Ziwa Victoria lenyewe? Linakadiriwa kuwa na miaka 400,000 hivi, mstari wa mwisho wa kitabu. Hata ndani ya mstari huo liliwahi kukauka, miaka kama 17,000 hadi 15,000 iliyopita. Sisi tunaoliona kama la tangu na tangu, kumbe lile ni mgeni wa juzi.

Nilipofika hapa nilidhani deni limekwisha. Ndipo nikajiuliza: hizo kurasa 17 zilizonyofolewa Kisumu, ziko wapi? Jibu ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu tu.

Ziko Turkana, ambako mifupa ya dainosari imepatikana kwenye mawe ya kaskazini. Ziko Tanzania, na hapo majina tena ni yetu. Shingopana alitangazwa mwaka 2017. Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019, kwa sababu alipatikana kwenye mto Mtuka na mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Na ziko Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, ambako Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913. Mamia ya vibarua walifanya kazi pale, na mifupa ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mnyama mmoja, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na ilipofika mwaka 2007 dainosari mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka 100 kulipa sifa ya mtu.

Mifupa hiyo inasema zaidi ya ukubwa. Tendaguru kulikutwa lundo la dainosari wadogo waitwao Dysalotosaurus, wengi wao wachanga, wamefia mahali pamoja, jambo linaloashiria kundi lililopatwa na balaa kwa pamoja. Ukikata mfupa na kuutazama kwa hadubini, unaonyesha jinsi mnyama alivyokua, kama pete za mti. Argentina mwaka 2021 walitangaza mayai zaidi ya 100 na mifupa ya wanyama 80 wa aina ya Mussaurus, miaka milioni 193, wachanga wamelala na wachanga wenzao, wakubwa mbali kidogo. Hilo ni kundi lenye utaratibu, karibu na mazalio yake. Na kisa kinachonigusa zaidi ni cha Mongolia. Mwaka 1923 alipatikana dainosari juu ya mayai, akahukumiwa kuwa amekuja kuyaiba, akaitwa Oviraptor, mwizi wa mayai. Miaka ya 1990 likafunguliwa yai la aina ile ile, ndani mkawa na kijusi cha jamaa zake. Kumbe alikuwa mzazi, ameatamia, amekufa hakuyaacha. Alisingiziwa miaka 70, na jina la wizi analo hadi leo. Sisi tunaojua uzito wa kumsingizia mtu, hapo pana somo hata kabla ya sayansi.

Lakini ukurasa wa karibu kabisa na mimi uko Mombasa. Katika zama hizo, Madagaska na Bara Hindi vilikuwa vimeshikana nasi, kisha vikaanza kujitenga, na bahari ikaingia katikati. Mawe ya chokaa ya Kambe ni alama ya bahari hiyo ilipofika kwetu. Mawe ya Mazeras tunayotandaza uani na kubandika ukutani ni mchanga wa zamani zaidi, takriban miaka milioni 200. Na ule udongo-mwamba wa kijivu wa Changamwe, unaomenyeka kama vitumbua vilivyokauka na kuteleza mvua ikinyesha, ni tope la chini ya bahari la miaka milioni 150 na ushei. Ukurasa wa 439. Wakati tope lile linatua, mito ya Tendaguru ilikuwa inawafunika dainosari wake, nao pia kando ya bahari hiyo hiyo. Pwani yetu ilikuwa pwani tangu hapo.

Ndani ya tope la Changamwe mna amonaiti, wanyama wa baharini wa ukoo wa pweza na ngisi, wenye kombe lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Walitoweka wakati mmoja na dainosari. Wazungu walikuwa wakiziokota karibu na Mombasa tangu karne ya 19 na kuzipeleka kwao. Niliposoma hayo nikaketi.

Kwa sababu nyumbani kwetu, Changamwe, tulikuwa na jiwe hilo. Mafundi walilitoa walipochimba shimo la choo, mimi bado mtoto. Lilikuwa zito, limejikunja, lina mistari kama limechongwa na seremala. Bibi alilipenda, akalifanya jiwe la kuzuilia mlango wa uani usipigwe na upepo wa kusi. Miaka 20 na zaidi tuliliruka tukienda kuoga. Bibi alipofariki tukavunja nyumba tujenge ya ghorofa. Aliyesimamia kazi ni mimi, na diploma yangu. Jiwe lilikwenda na kifusi kwenye lori. Kwenda wapi, hata dereva asingekumbuka.

Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Nilikwenda hadi ziwani kumdanganya mtoto kuhusu mifupa ya watu, na ukurasa wenyewe ulikuwa mlangoni kwa bibi, nikautupa kwa mikono yangu. Dini yetu imetuhimiza si mara moja tutembee ardhini tutazame uumbaji ulivyoanza. Sikumbuki pahali iliposema tutazame tu ya mbali.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Changamwe, Miritini, Jomvu, Mazeras na Kambe, hasa mafundi na wenye kuchimba visima, vyoo na misingi. Mkikuta jiwe lililojikunja, au lenye alama ya kombe, jani au mfupa, msilitie kwenye zege. Piga picha likiwa pale pale, andika mahali na kina cha shimo, kisha wapelekee habari watu wa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inamtaka mwenye kugundua kitu cha aina hiyo atoe taarifa. Jiwe lisilojulikana lilitoka wapi ni pambo tu. Likijulikana, ni ukurasa. Na tusingoje mwingine alikute kwenye droo baada ya miaka 30.

Mpwa wangu nimemtumia jibu jipya: "Huenda walipita Kisumu, lakini ardhi haikuandika." Nikamwongezea moja la kumfurahisha. Ndege wa leo ni kizazi cha dainosari, hilo wanasayansi wamelithibitisha. Kwa hiyo yule kuku wa kupaka aliyetupikia mamake kwa nazi nilizobeba kutoka Mombasa, huyo ndiye dainosari wa Kisumu, na sote tulimla.

Akacheka, kisha akauliza: "Na lile jiwe la bibi, Mjomba, utalitafuta?" Safari hii nilimwambia ukweli: sijui kama litapatikana. Ila Disemba akija, tutakwenda naye Changamwe baada ya mvua, tupite pale udongo ulipokatwa, tukitazama chini.